Wakili Aliyemshtaki Mteja Wake

Wiki ile, kila nilipotoka shule, nilivua viatu mlangoni na kuingia kwa kunyata kama mwizi. Tena nyumbani kwetu wenyewe. Redio ilikuwa marufuku. Mama, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa amehamishia mashine yake barazani ili isipige kelele. Yote hayo kwa ajili ya dada yangu, mwanafunzi wa sheria, tuliyembandika jina la Wakili. Ijumaa angetetea kesi ya mazoezi mbele ya walimu wake chuoni, na akishindwa, angerudia mwaka.

Nilikuwa nimemchoka. Chakula hali, usingizi halali, kazi yake kahawa na kufoka. Nikikohoa, ananiuliza ninakohoa kwa ruhusa ya nani. Mama akimbembeleza apumzike, anasema atapumzika akishafaulu.

Alhamisi mchana alitaka kujaribu hoja zake. Mama akawa mshtakiwa, mama wa watu aliyesingiziwa wizi wa baiskeli. Mimi nikawa hakimu, mwiko mkononi. Kazi ya Wakili ilikuwa kumtetea Mama.

Alisimama na karatasi zake. "Mheshimiwa hakimu, mwanamke huyu alionekana na baiskeli hiyo. Ushahidi uko wazi. Naomba apewe adhabu kali."

Mama alinitazama. Nami nikamtazama Mama.

"Wakili," nikamwuliza, "huyo si mteja wako?"

Dada aliduwaa. Alikuwa amekariri hoja za upande wa mashtaka ili ajue kuzijibu, kisha akazichanganya na zake. Aliketi sakafuni akaanza kulia. "Kesho nitaumbuka. Niacheni nianze upya, nisome mpaka asubuhi."

Maji yalinifika shingoni. Niligonga meza kwa mwiko.

"Kesi inaahirishwa. Wakili atakula, ataoga, kisha atalala. Akibisha, amedharau mahakama."

"We mtoto, hebu…"

"Mheshimiwa," nikamrekebisha.

Mama alicheka hadi akajifuta machozi. "Umemsikia. Na rufaa hakuna."

Dada alikula sahani mbili. Alilala kabla ya jua kuzama. Asubuhi alisoma kidogo, akanisindikiza shule kwa miguu, na njia nzima akawa anamtetea Mama. Safari hii hakukosea.

Jioni alirudi akitabasamu.

"Mteja wako je?" nikamwuliza.

"Ameachiwa huru," akajibu, akavuta kiti na kuomba chakula.

Mama alimpakulia, kisha akaketi karibu naye. "Mwanangu, bidii yako naijua. Lakini hata mahakimu huahirisha kesi wakichoka leo, wakaendelea kesho, na haki haipotei. Wewe ni nani usipumzike? Kichwa chenye njaa na usingizi humfunga hata asiye na kosa. Mimi ulitaka kunifunga."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Sasa nirudishie cherehani yangu ndani."

Dada alikwenda kuibeba. Mimi nikawasha redio.