Karwirwa na Mteremko wa Laare

Kila asubuhi Karwirwa alishuka mbio kutoka kwao hadi soko la Laare. Mjomba wake, Bundi, alimfuata na bodaboda iliyobeba miraa, na wakifika sokoni anatoa simu na kuangalia saa.

"Mjomba, leo je?"

"Umepunguza muda tena! Wewe ni upepo!"

Kisha Karwirwa anapanda bodaboda, wanarudi nyumbani juu mlimani.

Mama yake alifanya kazi ya kupika hotelini, mbali huko Embu. Alikuwa amemwambia, "Ukichaguliwa kukimbia uwanja wa Kinoru, nitaomba ruhusa nije nikuone." Weh! Tangu siku hiyo Karwirwa aliota Kinoru tu. Mama akikata simu, yeye bado ameishikilia sikioni.

Kwenye simu ya mjomba alikuwa ameona wakimbiaji wembamba kama fito. Basi jioni alisukuma sahani ya githeri, mahindi na maharagwe aliyopika bibi yake. "Nimeshiba, shosho." Akanywa chai ya rangi, akalala njaa ikimkwaruza.

Siku moja Mwalimu Mutembei aliwakimbiza kuzunguka uwanja wa shule. Karwirwa alitoka kama risasi! Lakini haukupita muda, macho yakaona giza. Mwenzake wa darasa, Celina, akampita akicheka. "Kwaheri, upepo!"

Karwirwa akaketi kwenye nyasi. "Mwalimu, ni viatu vinanibana."

"Viatu gani? Si uko miguu mitupu?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akainama karibu naye. "Unafanyia mazoezi wapi?"

"Nyumbani mpaka sokoni."

"Na kurudi?"

"Narudi na bodaboda."

"Basi ni mteremko unakukimbiza. Na jana jioni ulikula nini?"

"Chai."

Jioni mama akapiga. "Mazoezi yanaendaje, mama yangu?"

Neno "poa" lilikuwa tayari mdomoni. Karwirwa akalimeza. "Hayafanyi kazi, mama. Nakimbia kushuka tu. Na githeri sili. Labda hutakuja."

Mama akasema polepole, "Kula cha shosho. Halafu upande huo mlima na miguu yako."

Kesho yake bodaboda ikampita mlimani. "Panda!" Bundi akaita.

"Sipandi!"

Mwanzoni alitembea zaidi ya kukimbia. Saa ya mjomba ilisema amekawia, na yeye akakubali isemavyo. Alikula, akalala, akapanda tena. Shule ilipochagua timu, Celina alikuwa wa kwanza. Karwirwa alikuwa nyuma yake tu, naye akachukuliwa!

Kinoru hakushinda. Alimaliza katikati ya kundi, akihema, macho yakitafuta watu waliokaa. Halafu akasikia sauti aliyoingoja muhula mzima.

"Karwirwa wangu!"

Alimkimbilia kwa kasi kuliko alivyokimbia mbio zenyewe.

"Siku uliponiambia mazoezi hayafanyi kazi," mama akasema akimshika mashavu, "ndiyo siku niliomba ruhusa. Mtu akijidanganya hajui arekebishe wapi. Wewe ulijua."

Akafungua kopo la kutunza joto. Githeri, bado ya moto.

"Sasa kula. Nakuangalia."