Unyevu Chini ya Kitanda

Kila asubuhi Wachuka aliamka mara tu baada ya mama yake. Hakuhitaji kukumbushwa kazi zake. Alifagia sebule, akachemsha chai, kisha akamwamsha mdogo wake Gedion na kumvalisha sweta mbili, moja juu ya nyingine. Baridi ya Elburgon haina huruma, na kifua cha Gedion hakikuwa na nguvu. Mtoto huyo alikuwa na umri wa miaka minne. Kila msimu wa mvua alikohoa, na mama yao, Wanjugu, alikuwa amemfundisha Wachuka jinsi ya kumsikiliza akipumua.

"Ukisikia kama paka anakoroma ndani ya kifua chake, niite mara moja," Mama alimwambia.

Nyumba yao ilikuwa ya mbao. Baba yao, Maina, aliijenga kwa mikono yake mwenyewe. Alifanya kazi katika kiwanda cha kupasua mbao, na kwa miaka mingi alikuwa akinunua mbao chache chache hadi nyumba ikasimama: sebule, jikoni, chumba cha wazazi na chumba cha watoto. Sakafu pia ilikuwa ya mbao. Juu yake Baba alitandika kapeti ya plastiki yenye maua mekundu, na kila Jumamosi Mama aliipiga deki mpaka ikang'aa.

Mwezi wa Aprili familia nzima ilienda Njoro kwa mazishi ya shangazi yake Baba, ikalala huko. Wakati huo mifereji ya mtaani ilikuwa mikavu, kwa maana maji yalitolewa kwa zamu. Walipokuwa mbali, maji yalirudi kwa nguvu. Paipu ya jikoni ilifyatuka kwenye kiungo chake, na hakukuwa na mtu wa kuifunga.

Waliporudi, Mama ndiye aliyefungua mlango. Maji yalimwagika kizingitini yakapita juu ya viatu vyake. Ndani, kapeti ilikuwa imetuna katikati ya sebule kama tumbo. Gunia la mahindi lilikuwa limelowa mpaka shingoni. Vitabu vya Wachuka vilivyokuwa sakafuni viligeuka uji wa karatasi. Baba alikimbia nje kuyafunga maji. Mama aliketi kwenye ngazi akiwa bado amevaa nguo za mazishi, akalia bila kutoa sauti.

Jirani yao, Chesang, alisikia na kuja mbio. "Mama Wachuka, inuka," alisema. "Nyumba yangu ni ndogo lakini ina moto. Mtalala kwangu mpaka kwenu kukauke."

Basi wakahamia kwa Chesang. Baba na Gedion walilala sebuleni, Mama akalala na Chesang, naye Wachuka akalala kitanda kimoja na Cheruto, binti wa Chesang, ambaye walisoma naye darasa moja.

Kazi ya kuikausha nyumba ilianza. Kila jioni baada ya kutoka kiwandani, Baba aling'oa mbao za sebuleni na jikoni, akaziegemeza ukutani zipigwe na upepo. Mama alifua nguo zote na kuanika mahindi machache yaliyosalimika. Lakini ilikuwa masika. Jua lilichungulia kidogo asubuhi, kisha mawingu yakashuka kutoka msitu wa Mau na kila kitu kikabebwa ndani tena.

"Chumba chenu nakuachia wewe," Baba alimwambia Wachuka. "Huko hayakuingia mengi, kwa hiyo sitang'oa mbao. Dirisha likae wazi mchana kutwa. Kitanda chenu kiko karibu na sakafu na godoro limenyonya maji; litoke nje kila jua linapotokea, uligeuze. Kisha weka mkono sakafuni, hasa kule kona ya kitanda. Mbao ikiwa baridi kuliko mkono wako, bado ina maji. Usiniambie imekauka kabla haijakauka."

Mwanzoni Wachuka alifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Alilibeba godoro mgongoni kama mzigo wa kuni, akaligeuza, akaligongagonga. Lakini sponji hushika maji kama mtu bahili. Juu palikuwa pakavu, na ukikandamiza katikati, kiganja kililowa. Siku zilipita, mvua ikaendelea. Nyumbani kwao kulinuka tope. Mama hakuimba tena akipika. Baba alikuja na uchovu wa kiwandani, akala kimya katika nyumba ya watu, akalala.

Ijumaa moja, walipokuwa wakitoka shuleni, Cheruto alisema, "Wachuka, nyinyi mtarudi kwenu lini? Nimechoka kulala na miguu yako usoni."

Cheruto alisema akicheka. Hata hivyo maneno hayo yalimchoma Wachuka. Usiku huo alijikunja pembeni mwa kitanda ili miguu yake isimguse mwenzake.

Kesho yake alasiri, Baba alikuwa amemaliza kuzipigilia mbao za sebuleni. Alisimama mlangoni mwa chumba cha watoto, nyusi zake zimejaa vumbi la mbao.

"Wachuka, huku kumekauka?"

Wachuka alikuwa ametoka tu kuweka mkono sakafuni. Pale kona ya kitanda, mbao ilikuwa baridi na inateleza. Godoro nalo lilikuwa bado zito. Lakini alifikiria miguu yake katika kitanda cha Cheruto. Akafikiria Mama akiomba sufuria ya kuazima. Akajiambia kwamba hicho kidogo kilichobaki kitajimalizia kukauka chenyewe.

"Kumekauka, Baba."

"Hata kule kona?"

"Hata kule kona."

Baba akatabasamu. Hakuwa ametabasamu tangu mazishini. "Umefanya kazi, mwanangu. Leo tutalala kwetu."

Mama aliposikia alipiga kigelegele. Alitandika shuka safi, na Baba akairudisha kapeti na kitanda. Wote walifurahi, isipokuwa Wachuka.

Haikuchukua muda chumba kikaanza kunuka kama gunia lililosahauliwa mvuani. "Harufu hii inatoka wapi?" Mama aliuliza. Wachuka akasema labda ni mvua, akafungua dirisha. Kisha Gedion akaanza kukohoa. Mama alimpa tangawizi na asali, akamwongezea blanketi, akamlaza tena palepale. Kila alfajiri Wachuka alisikia yule paka akikoroma kifuani mwa mdogo wake, akamwita Mama. Alimwambia kuhusu kikohozi. Kuhusu godoro hakusema. Leo ilikuwa vigumu kusema kuliko jana, na kesho ilikuwa vigumu zaidi.

Asubuhi moja, alipokuwa akimfunga Gedion kamba za viatu, aligundua kwamba mtoto hajibu. Mabega yake yalipanda na kushuka. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Mama!" Wachuka alipiga kelele. "Mama, Gedion hapumui vizuri!"

Mama alimfunga mgongoni kwa leso, wakapanda pikipiki mpaka hospitali. Daktari aliyeitwa Kosgei hakuuliza mengi. Alimwekea Gedion kifuniko cha plastiki puani na mdomoni, mvuke wa dawa ukaanza kupita. Wakangoja. Mama alishika mguu mdogo wa mtoto wake, midomo yake ikitamka sala. Baada ya muda mabega ya Gedion yakatulia kidogo.

Ndipo daktari akaanza kuuliza. "Mama, mtoto huyu analala wapi? Kuna unyevu nyumbani? Kuna ukungu, yale madoa meusi?"

"La, daktari," Mama alijibu. "Ni kweli nyumba yetu iliingiliwa na maji, lakini hatukurudi mpaka kila kitu kilipokauka. Huyu binti yangu ndiye aliyeangalia chumba chao. Alihakikisha mwenyewe." Akaweka mkono begani mwa Wachuka.

Daktari aliinama kuandika. Wachuka alimtazama Gedion. Juu ya kile kifuniko, macho ya mtoto yalikuwa makubwa, na yalikuwa yakimtazama yeye.

"Hakukuwa kumekauka," alisema.

Daktari akainua kichwa. "Umesema nini?"

"Hakukuwa kumekauka. Godoro lilikuwa na maji ndani. Sakafu pia, kule kona. Nilimdanganya Baba kwa sababu nilitaka turudi kwetu."

Mkono wa Mama uliondoka begani mwake polepole. Jambo hilo lilimuuma Wachuka kuliko kiboko.

"Umefanya vizuri kusema," daktari alimwambia, lakini hakutabasamu. "Ningemtibu, kisha ningemrudisha kwenye kitanda kilekile. Mama, godoro hilo litupwe. Chini yake bila shaka kuna ukungu, na kwa kifua kama hiki ukungu ni sumu. Tutamlaza hapa. Asirudi katika chumba hicho mpaka kikauke kabisa."

Jioni, Baba alitoka kiwandani akapitia hospitali, akaelezwa. Alimshika Gedion mguu, kisha akamwambia Wachuka, "Twende nyumbani."

Walipofika alikwenda moja kwa moja chumba cha watoto. Alipoliinua godoro, upande wa chini ulikuwa umejaa madoa meusi. Alipoikunja kapeti, harufu iliwapiga usoni. Mbao za kona zilikuwa nyeusi na laini. Baba alishika msumari mmoja kwa vidole vyake, ukatoka bila kuvutwa. Alichuchumaa hapo akiutazama. Wachuka alianza kulia.

"Kulia hakukaushi," Baba alisema. "Leta nyundo. Kabla ya hapo, nenda kwa Mama Cheruto umwambie tunarudi kwake. Mweleze kwa nini. Usimfiche kitu."

Safari hiyo ya kuvuka ua ilikuwa ndefu. Wachuka alieleza akiwa ameinamisha kichwa. Chesang akamfungulia mlango, akasema, "Nyumba ni ileile. Ingia." Nyuma yake Cheruto alikuwa amesimama, naye analia. "Nilikuwa nafanya mzaha tu," alisema. "Kumbe uliumia. Mbona hukuniambia?"

Siku zilizofuata zilikuwa za kazi isiyo na furaha. Kila alipotoka shuleni, Wachuka alimsaidia baba yake. Walilichoma godoro nyuma ya nyumba. Waling'oa sakafu yote ya chumba, wakakuta udongo wa chini bado ni tope. Baba alichimba mtaro wa kuyatoa maji, akafungua matundu ili upepo upite chini ya nyumba. Walijifunga vitambaa puani, wakasugua kuta kwa sabuni na klorini mpaka vidole vikachubuka. Mbao zilizooza zilitupwa. Baba alizibeba mwenyewe, moja moja, na Wachuka alijua kwamba anakumbuka siku alizozinunua.

"Baba, tuwashe jiko la makaa humu ndani, tufunge mlango, kukauke haraka," Wachuka alisema siku moja.

"Hapana. Hewa ya makaa huua watu wakiwa wamelala. Hakuna haraka tena katika kazi hii."

Jumamosi ilipofika, Baba alimuuliza, "Hapa je?"

Wachuka aliweka mkono juu ya udongo. Alijua Mama amechoka. Alijua Gedion anaililia nyumba. "Bado, Baba," alisema.

"Haya. Tungoje," Baba akajibu, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa nzito.

Wakangoja. Gedion aliruhusiwa kutoka hospitalini, lakini hata yeye alikaa kwa Chesang. Mvua ilipopungua na upepo ukavuma kutwa kucha, udongo ukapauka, kuta zikakauka. Baba alipigilia mbao mpya katikati ya zile za zamani, na sakafu ikawa na rangi mbili. Kapeti hawakuirudisha. Godoro jipya lilipofika, Wachuka na Baba waliweka mikono kila kona kabla ya kuliingiza.

Siku ya kurudi, hapakuwa na kigelegele. Gedion aliingia chumbani taratibu, mfukoni mwa sweta yake mna dawa ya kuvuta ambayo daktari alisema ataitumia kwa muda mrefu. Mama alikwenda kuketi kwenye benchi nje ya mlango, akamwita Wachuka.

"Tangu siku ile ya hospitali sijakuambia neno juu ya jambo hili," Mama alianza. "Nilikuwa na hasira, na niliogopa kusema nikiwa na hasira. Leo nitasema. Kuchoka si kosa. Mimi pia nilichoka kuazima sufuria za watu. Ungesema, 'Mama, bado hakujakauka, lakini nimechoka,' tungechoka pamoja. Lakini uliniambia kumekauka, nami nikambeba mtoto wangu nikamlaza juu ya ukungu kwa mikono yangu. Nilimfunika blanketi, Wachuka. Nilidhani namtunza."

Machozi yalimtiririka Wachuka. "Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kidogo tu kilio kingeingia nyumba hii. Kilichotuokoa ni kwamba ulisema mbele ya daktari, hata kama ulichelewa. Kwa hiyo sikiliza. Siku nyingine nikikuuliza, na jibu likawa baya, nipe hilo hilo baya. Jambo baya likijulikana, watu hulishika pamoja wakalitengeneza. Likifichwa, linaendelea kuoza, na anayeumia mara nyingi si yule aliyelificha."

"Nitasema, Mama. Hata likiwa baya."

Mama akasogea kwenye benchi akampa nafasi. Wakaketi pamoja, huku ndani Baba akimwonyesha Gedion mbao zipi ni mpya na zipi ni za zamani.