Sahani ya Askofu

Kila asubuhi mzee Zephaniah alikunywa chai pamoja na Askofu. Usishtuke, Askofu huyu hakuwa wa kanisa lolote. Alikuwa paka mweusi mwenye ukosi mweupe shingoni, na jina hilo alipewa na marehemu Wambui, mke wa Zephaniah. Wawili hao walibaki peke yao katika nyumba ndogo ya ghorofa ya chini, mtaa wa Edmonton, London. Paka alikuwa na miaka kumi na tatu, na kwa paka huo ni uzee.

Zephaniah alikuwa mlinzi wa lango kwenye uwanja wa mpira kule Wembley, siku za mechi tu. Siku nyingine alikaa nyumbani. Alipomimina chai ya maziwa na kukata mkate, Askofu alipanda kwenye kiti cha Wambui na kumkodolea macho. Sasa niambie wewe, mtu aliyelelewa vizuri atakulaje huku mwenzake anamtazama? Kwao Kakamega hiyo ni aibu. Basi alichovya kipande cha mkate kwenye chai, akampa. Jioni alipika ugali, na Askofu akapata tonge lake na maziwa kidogo.

Miaka mitatu nyuma, Askofu aliugua kisukari. Ndiyo, paka huugua kisukari kama watu. Wambui alikuwa muuguzi. Alimdunga sindano ya insulini asubuhi na jioni, akambadilishia chakula kama daktari wa wanyama alivyosema. Baada ya miezi minne sukari ilishuka, na daktari akasimamisha sindano. Aliwaambia kwamba ugonjwa umetulia lakini haujaondoka. Zephaniah alisikia kwamba umetulia, akafurahi sana. Sehemu ya pili ilimpita.

Wambui alifariki mwaka uliopita. Siku za mwisho, kitandani hospitalini, hakuuliza habari za nyumba. Alimshika mumewe mkono akamwambia, "Uniangalizie Askofu." Zephaniah akaahidi.

Lakini chakula maalumu cha kliniki kilipanda bei, na siku za kazi zilipungua. Zephaniah akanunua mfuko mkubwa wa biskuti kavu za paka, zile za bei rahisi kabisa. Alijiambia kwamba paka ni paka, hata kwao walikula mabaki ya ugali wakazeeka.

Haukupita muda mrefu, Askofu akaanza kunywa maji kama mtu aliyetoka kulima. Mchanga wake wa kukojolea ulilowa kila siku. Alikula sana, lakini ukimpapasa mgongo ulihisi mifupa. Zephaniah aliyaona yote hayo, akajifanya hayaoni. Mikono yake ilitetemeka siku hizi, angewezaje kushika sindano? Na kama daktari angesema paka amechoka, bora alazwe usingizi wa milele, angemwambia nini Wambui? Kwa hiyo hakwenda kokote. Woga wa mtu mzima ni kitu kibaya, maana hakuna wa kumkemea.

Jumamosi moja jirani yake Armelle alikuja kurudisha sufuria. Armelle alitoka Bukavu, Kongo, na alikuwa msaidizi katika kliniki ya wanyama. Alimkuta Askofu amesimama kwenye sinki, analamba maji ya bomba. Aliuliza paka anakula nini. Zephaniah akajibu haraka kwamba anakula chakula cha paka tu, akamkaribisha chai. Wakazungumza habari za mvua na za treni zilizochelewa.

Katikati ya mazungumzo, Askofu alipanda kwenye kiti chake na kumtazama mzee. Mkono wa Zephaniah ukaenda wenyewe. Ukakata mkate, ukauchovya kwenye chai, ukampa paka. Alipoinua macho, Armelle alikuwa anamwangalia.

"Papa, mkate huo unamupa kila siku?" aliuliza, akimwita kama kwao wanavyomwita mzee.

Zephaniah aliweka kikombe chini. Aibu ilimpanda hadi masikioni. "Siwezi kula mtu akiniangalia," alisema. "Nimeshindwa. Na nilimwahidi mama Wambui."

Armelle hakucheka. Alisema hata kwao Bukavu mtu hali peke yake. Kisha akamweleza taratibu. Mwili wa paka umeumbwa kwa ajili ya nyama. Mkate, ugali, na hata nyingi ya zile biskuti kavu, vina wanga mwingi, na wanga tumboni hugeuka sukari. Maziwa nayo yana sukari yake, tena chai yenyewe ilikuwa na vijiko viwili. Paka mzima anaweza kuvumilia. Paka ambaye kisukari chake kimetulia anaweza kukiamsha tena.

"Ameshaumia?" Zephaniah aliuliza.

"Sijui, Papa. Tukimupima tutajua. Tukikaa, hatutajua."

Jumatatu walimpeleka Askofu kliniki, moja inayowapunguzia gharama watu wa kipato kidogo. Daktari alichukua damu, akapima sukari ya siku hiyo na wastani wa wiki mbili zilizopita. Ilikuwa imepanda, lakini haijapanda mno. Alisema wabadilishe chakula kwanza, kisha warudi baada ya wiki mbili. Ikikataa kushuka, sindano zitarudi. Aliongeza kwamba kama Askofu angekuwa bado kwenye insulini, wasingebadilisha chakula bila yeye, kwa sababu sukari ingeweza kushuka ghafla na kumuua.

Kutoka hapo Armelle alimpeleka mzee dukani. Alimwonyesha makopo ya chakula laini cha paka, kilichosagwa hadi kikawa kama uji mzito, yenye chapa ya duka lenyewe. Yalikuwa na bei karibu nusu ya chakula cha kliniki. Alimwambia aache yale yenye mchuzi mzito, kwa kuwa mchuzi huo mara nyingi huongezwa unga. Akamfundisha kutafuta maandishi yanayosema ni chakula kamili. Tuna ya watu au kuku wa kuchemsha peke yake havimtoshi paka. Tena achanganye chakula kipya na cha zamani kidogo kidogo kwa wiki nzima, na paka asiachwe na njaa, kwani njaa ya siku mbili tu huharibu ini lake.

"Na nikila, akiniangalia?" Zephaniah aliuliza, pale pale katikati ya duka.

"Basi musile mumoja mumoja. Mule pamoja, kila mutu na sahani yake."

Mzee aliweka makopo mawili kikapuni. Jambo rahisi hivyo, na halikuwa limemjia kichwani.

Kuanzia siku hiyo alipima maji ya bakuli kwa jagi kila asubuhi. Kila Jumapili alipanda mizani akiwa amembeba Askofu, kisha akapanda peke yake, akatoa uzito wake kwenye ule wa kwanza. Wiki ya kwanza Askofu alinusa sahani yake, akala biskuti zilizochanganywa humo na kuacha chakula kipya, kwa dharau ya askofu kweli. Wiki ya pili alilamba hadi ikang'aa. Maji yakaanza kubaki kwenye bakuli.

Wiki mbili zilipotimia walimrudisha Askofu kupimwa, na Alhamisi simu ya kliniki ikalia. Daktari alisema sukari imeshuka, sindano haihitajiki, wamrudishe apimwe tena baada ya mwezi. Zephaniah alishukuru mara tatu. Kisha akakaa jikoni akalia, na hakujificha.

Asubuhi iliyofuata alimimina chai, akakata mkate. Kabla ya kukaa, aliweka sahani ya Askofu kwenye kiti cha Wambui, akafumba macho kuombea chakula kama mkewe alivyozoea. Askofu hakungoja amina. Alipomaliza, alipanda kwenye mapaja ya mzee na kuutazama mkate.

Mkono ukaanza kwenda wenyewe. Zephaniah akauzuia njiani, akauweka juu ya mgongo wa paka. Mifupa haikuhisika tena kama zamani.

"Namwangalia, mama," alisema, akaendelea kumpapasa huku chai ikipoa.