Pikapu ya Baba Kindness Yakataa Kuwaka

Kila Jumamosi asubuhi Kindness, mwanafunzi wa darasa la sita, aliosha pikapu ya baba yake nje ya nyumba yao huko Maisaka. Pikapu ile ilikuwa kuukuu, imemzidi hata umri. Kindness aliipenda kazi hiyo, hasa kufuta ndani, maana huko alikaa kwenye usukani akajifanya dereva wa safari za Arusha.

Jumamosi moja, alipokuwa ndiyo kwanza amemaliza, bibi yake alipiga simu kutoka Sigino. Mbaazi zake zote za mwaka zilikuwa zimeanikwa uani, na wingu zito lilikuwa limetanda. Baba aliingia garini mbio, akawasha. Injini ilikohoa, ikanyamaza. Alikanyaga mafuta akajaribu tena na tena, mpaka harufu ya petroli ikajaa kila mahali.

Jirani yao, fundi Ibra, aliitwa. Alifungua plagi moja akaikuta nyeusi, imelowa chapachapa. Alieleza kwamba injini imepata petroli nyingi na hewa kidogo, ndiyo maana haiwaki. Akauliza kuhusu choki, kile kishikio cha chini ya usukani kinachovutwa ili kuongeza petroli wakati wa baridi. Baba alijibu kwamba hakuna aliyeigusa tangu Julai. Basi, alisema Ibra, itabidi afungue kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, na kazi hiyo ingefika jioni.

Baba alitazama angani, akashika kiuno. Asubuhi ile Kindness alikuwa ametundika mfuko wa sabuni kwenye choki, jambo alilokatazwa, na choki ikavutika. Aliona, akaiacha vilevile. Sasa aliogopa kweli kweli. Lakini alipofikiria mbaazi za bibi zikiloa, aliona heri agombezwe.

"Baba, samahani," alisema. "Choki niliigusa mimi. Nilitundika mfuko, ikavutika, sikuirudisha."

Ibra aliinama, akaisukuma choki ndani. Alikausha plagi zote na kuzifunga, kisha akamwambia baba awashe huku amekanyaga mafuta mpaka mwisho, ili hewa iingie kwa wingi. Injini ilipiga chafya, ikatoa moshi mweusi, halafu ikanguruma vizuri. Kindness alifurahi hadi machozi yakamlenga.

Huko Sigino walijaza magunia, wakayapakia na kuyafunika kwa turubai. Mvua ilianza wakifunga kamba. Bibi alicheka peke yake kama mtoto, akaenda kuwachemshia chai.

"Habari ya mfuko tutaizungumza nyumbani," baba alimwambia Kindness walipokuwa wamejikinga barazani. "Ila leo umefanya vizuri, mwanangu. Gari haliwezi kumweleza fundi lilichofanyiwa. Anayejua akinyamaza, fundi atahangaika na kitu kizima. Ungenyamaza, bibi yako angekosa chakula. Ukikosea, sema mapema, wakati kosa bado linarekebishika."