Tofi Ndani ya Kijichumba cha Makoti

Kila siku akitoka shule, Maren Lindqvist aliingia kwanza katika kijichumba cha makoti kilicho karibu na mlango wa mbele. Huko alikung'uta theluji, akavua buti na kutundika koti lake, ndipo akaenda jikoni kumsalimu bibi yake. Katika mji wa Duluth, kaskazini mwa Marekani, baridi haina mchezo. Hata siku ya Halloween, mwisho wa Oktoba, watoto huvaa mavazi yao ya kujigeuza juu ya makoti mazito, kisha hupita nyumba kwa nyumba kuomba peremende.

Mwaka huo familia yao ilikuwa imewekeana ahadi. Daktari alikuwa amemwambia baba kwamba sukari kwenye damu yake imefika ukingoni, na asipojizuia ataugua. Nils, mdogo wake Maren mwenye umri wa miaka sita, naye alikuwa amezibwa meno mawili yaliyotoboka, akalia mpaka nesi akamhurumia. Basi mama akaandika karatasi na kuibandika kwenye friji. Watoto wale chakula cha jioni kabla ya kutoka. Wabebe mfuko mdogo badala ya foronya ya mto. Kila mmoja abaki na peremende kumi tu. Baba asiguse hata moja. Nao mlangoni kwao wagawe penseli na filimbi. Wote walitia sahihi, hata Nils, ambaye alichora konokono.

Siku yenyewe ilipofika, Maren alitembea na rafiki yake, Brooke, aliyekuwa akiburuta foronya iliyojaa.

"Eti kwenu wanagawa penseli?" Brooke alimcheka. "Kwani tumekuja kufanya mtihani?"

"Niache bwana."

"Mimi nyumba yenu naipita hivi hivi, kama siioni!"

Maren aliona aibu, na aibu ikageuka hasira. Alivaa vazi pana la dubu, na chini yake koti lenye mifuko minne. Mfuko wa mkononi ulipokaribia kujaa, akaanza kuingiza tofi kwenye mifuko ya koti. Aliporudi nyumbani alimwaga mezani zile za mfuko wa mkononi, akachagua kumi, akamsogezea mama zilizobaki bila kunung'unika.

"Mwoneni huyu!" mama alisema kwa furaha. "Nils, mwige dada yako."

Maren aliinama. Akaenda kulitundika koti lake kijichumbani, tofi zikiwa bado zimo.

Kesho yake alasiri alirudi kutoka shule, akaingia katika kijichumba, akakaa sakafuni nyuma ya makoti marefu na kuanza kula. Alikuwa kwenye tofi ya tatu aliposikia hatua za baba, ambaye ni dereva wa gari la kusukuma theluji. Mlango ukafunguliwa. Maren akabana pumzi.

Baba hakumwona. Alitundika koti lake, akanyoosha mkono kwenye rafu ya juu, akashusha kofia kuukuu ya manyoya. Karatasi ikachakarika. Chokoleti moja. Ya pili. Ya tatu.

"Baba, unakula nini?" Sauti ilikuwa ya Nils.

Baba alimeza haraka. "Dawa ya kikohozi."

"Na mimi nakohoa." Nils akajikoholesha. "Umesikia?"

"Hii ni ya wakubwa. Nenda kacheze."

Baba akairudisha kofia, akafunga mlango na kushusha komeo la nje, lile la kuzuia mlango usipigwe na upepo. Giza likawa totoro.

Maren alisukuma. Mlango haukutikisika. Joto la makoti lilimpanda, na tofi ilikuwa imemnata menoni. Akigonga, ataulizwa alikuwa akifanya nini humo. Asipogonga, atatokaje? Na baba je? Akimsema, atakuwa amejisema na yeye. Akinyamaza, baba ataendelea na "dawa" yake mpaka augue kweli. Alilia bila kutoa sauti.

Muda ukapita. Harufu ya viazi na samaki ikaingia chini ya mlango.

"Maren! Chakula!" Bibi aliita. Maren alijikunyata zaidi. "Hivi huyu mtoto karudi?"

Mama alipiga simu kwa akina Brooke. Maren hakuwako. Sauti ya mama ikaanza kutetemeka. Nils akaangua kilio.

"Naenda kumtafuta," baba alisema. "Theluji inazidi, na giza linaingia."

Maren hakuweza kuvumilia tena. Akagonga kwa ngumi zote mbili. "Nipo huku! Nifungulieni!"

Baba alifungua. Karatasi za tofi zilikuwa zimemjaa Maren mapajani.

"Hivi ndivyo tulivyoahidiana?" baba alifoka. "Mama yako amekaribia kuzimia!"

Maneno yalimfika Maren kwenye ulimi: Na wewe je? Lakini aliuona uso wa baba, umepauka kwa hofu, akayameza.

"Nimewadanganya," alisema. "Nilizificha ndani ya koti jana. Nisameheni."

Baba alimtazama, kisha akaitazama rafu. "Uliingia humu saa ngapi?" aliuliza polepole.

"Kabla hujarudi kutoka kazini."

Baba akanyoosha mkono kwenye rafu ya juu. Kisha akaishusha kofia na kuipindua. Chokoleti zikamwagika sakafuni.

"Haikuwa dawa, Nils," alisema. "Nimekudanganya. Nimewadanganya nyote."

Mama alishika kiuno. Bibi ndiye aliyesogea, akifuta mikono kwenye aproni.

"Erik, mwanangu," alimwambia baba, "ulipokuwa mdogo nilikukataza peremende nikadhani kazi imekwisha. Kumbe nilikufundisha kujificha. Na karatasi yetu ile imejaa makatazo, lakini haisemi mtu afanye nini akishindwa. Njooni mezani, chakula kinapoa."

Jioni ile walipanga upya. Watoto wangekula peremende moja baada ya chakula, mbele ya watu, kisha wapige mswaki. Baba angekula tofaa, halafu atembee na Maren mpaka ziwani na kurudi. Atakayezidiwa na hamu aseme, na asichekwe. Peremende nyingine zote mama alizitoa nyumbani.

Mwezi wa pili daktari alimpima baba tena. Sukari ilikuwa imeshuka. Nils aliruka-ruka, na Maren akamkimbilia bibi jikoni kumpa habari.

"Vizuri sana," bibi alisema, akamshika mabega. "Sukari nyingi inaumiza mwili, mjukuu wangu, hilo daktari ameshatwambia. Mimi nakuongezea moja. Sote hushindwa siku nyingine. Ukishindwa, sema siku hiyo hiyo, wakati mlango bado unaweza kuufungua mwenyewe."