Sauti Nyuma ya Pazia la Fundi

Kila alasiri akitoka shuleni, Kasuku alivua sare, akala, kisha akashika sumaku na kuipitisha sakafuni kuokota pini. Mama yake alikuwa fundi wa nguo za kike, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana. Kulikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, pasi, na kona moja iliyozibwa kwa pazia zito, ambako wateja walipimwa. Ilitosha pini moja tu kusahaulika na mteja mmoja kuvua viatu, mtaa mzima ungejua.

Jina la Kasuku alipewa na kaka yake, kwa sababu tangu utotoni alikuwa hodari wa kuigiza sauti za watu. Aliweza kukohoa kama jirani yao dereva na kupiga chafya kama mwalimu mkuu. Siku moja alimwita kaka yake kwa sauti ya mama, na lile jitu zima likaacha chakula likaja mbio.

Kaka huyo naye alikuwa na kazi yake katika chumba cha nyuma. Alikuwa ametengeneza mchezo wa kompyuta peke yake, bila kampuni wala mfadhili, akauita Fundi Nipimie. Mchezaji anakuwa fundi. Wateja wanaingia, anawapima, anakata kitambaa, na akikosea kipimo gauni linambana mteja, naye anaondoka amenuna. Kwa muda mrefu mchezo ulipatikana kwenye ukurasa mdogo wa kaka mwenyewe. Wachezaji walikuwa wachache. Aliwafahamu karibu wote kwa majina yao ya utani, na wakiona kasoro walimwandikia moja kwa moja.

Baadaye aliuhamishia kwenye jukwaa kubwa la michezo, lile ambalo watu wa nchi nyingi huingia kama wanavyoingia sokoni. Mama hakulielewa vizuri jambo hilo.

“Hao wenye jukwaa wanachukua fungu lao kwa kazi gani?” aliuliza huku akitunga uzi.

“Kwa kuwa na mlango mkubwa, Mama. Ukurasa wangu hakuna anayeuona.”

“Na siku wakiufunga mlango wao?”

“Aa, Mama, usinichurie.”

Jukwaa lile lilikuwa na sehemu ya nyongeza, yaani vitu ambavyo wachezaji wenyewe huutengenezea mchezo: nguo mpya, duka jipya, chochote kile. Anayetengeneza anapakia, na anayependa anabonyeza mara moja, nyongeza inaingia kwenye mchezo wake. Kasuku aliposikia hayo hakutulia. Wateja wa Fundi Nipimie walikuwa mabubu, maneno yao yaliandikwa tu vichwani mwao. Yeye angewapa sauti.

Alijifungia stoo akaigiza mpaka koo likakauka. Aliporudia kujisikiliza alikunja uso. Sauti zilizowavunja watu mbavu mezani zilisikika kwenye kompyuta kama mtoto anayecheza kibaba na kimama. Akakata shauri. Kesho yake aliizamisha simu ya zamani ya kaka kwenye kapu la mabaki ya vitambaa, nyuma ya pazia, akaiacha irekodi.

Mtu anayepimwa nguo hana pa kwenda, kwa hiyo huongea. Mmoja alilalamika juu ya mume anayekoroma, mwingine juu ya viatu vinavyomla vidole, mwingine alinong’ona. Kasuku alikata vipande vifupi vifupi akavitia vinywani mwa wateja wa mchezo. Vilikaa vizuri ajabu.

Kaka alivaa spika za masikioni akasikiliza. “Hizi sauti ni za nani?”

“Zangu zote.”

“Hata huyu anayenong’ona?”

“Kwani Kasuku ni nani humu ndani?”

Kaka akacheka, asiulize tena. Yeye wateja wa mama yao aliwajua kwa viatu vyao mlangoni tu. Akaipakia nyongeza siku ileile.

Asubuhi ya tatu alitoka chumbani kwake mswaki ukiwa bado mdomoni. Alijaribu kusema, povu likamtoka.

“Maelfu,” alisema baada ya kutema. “Njoo uone. Maelfu ya watu wameichukua. Kwenye ukurasa wangu ningengoja mpaka niote mvi.”

Kasuku alitazama tarakimu zikipanda mbele ya macho yake, akapigwa na butwaa. Wachezaji walikuwa wametengeneza hata video. Mmoja alikuwa ameandika kwamba mteja anayenong’ona alimtoa machozi, na kwamba mwigizaji huyo ana kipaji cha pekee. Kaka alimpiga begani kwa furaha. Kasuku alitabasamu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusifiwa na watu wengi namna ile, na hakuwa amefanya lolote kati ya waliyomsifia.

Siku chache baadaye, wakati Kasuku anaokota pini, muuguzi mmoja aliyekuwa mteja wa mama aliingia na sare yake ya kazi. Kwa kawaida alikuwa mtu wa maneno mengi na vicheko, lakini siku hiyo hakusalimu. Aliweka simu yake juu ya kitambaa kilichotandazwa mezani, akabonyeza.

“Fundi, niachie nafasi hapa ubavuni,” ilinong’ona sauti. “Nikitoka kupasuliwa nitakuwa na kidonda. Ila usimwambie mtu. Hata mama yangu hajui.”

Mkono wa mama ukasimama juu ya cherehani.

“Hiyo ni sauti yangu,” alisema muuguzi. “Mtoto wa dada yangu ana mchezo wa kompyuta. Jana alikuwa anauchezea kwa bibi yake. Mama yangu alikuwa jikoni, akasikia sauti yangu chumbani, akaja akidhani nimefika kumsalimia. Hakuniona. Alisimama pale mlangoni, na kila mara mteja huyo akiingia, mama anasikia tena kwamba nitapasuliwa na kwamba yeye hajui.”

“Sijamwambia mtu,” mama alisema. “Naapa kwa watoto wangu, sijafungua mdomo.”

“Nimewahudumia wagonjwa miaka nenda miaka rudi, fundi, na siri zao naziacha kulekule wodini. Yangu nilikupa wewe kwa sababu ulitaka kujua gauni likae vipi. Ilitokaje hapa?”

Kaka alikuwa ameshafika mlangoni kwa kusikia mchezo wake ukitajwa. “Samahani, dada. Hiyo sauti ni ya mdogo wangu. Anaigiza watu.”

Muuguzi akamgeukia. “Ameigizaje jambo tunalolijua watu wawili?”

Kaka alimtazama Kasuku, na furaha yote ya siku zile ikamtoka usoni. Sumaku ilikuwa bado mkononi mwa Kasuku, imejaa pini.

“Niliweka simu kwenye kapu,” alisema. “Nyuma ya pazia. Sauti zote ni za wateja. Nilimdanganya kaka.”

Mama hakumpiga wala hakufoka, na hilo lilimtisha Kasuku kuliko fimbo. Aliketi juu ya robota la vitambaa kama mtu aliyeishiwa nguvu. “Pazia lile nililitundika mwenyewe,” alisema polepole, akiitazama kona ya kupimia. “Ili watu wasionekane.”

“Na hao wengine waliomo,” aliuliza muuguzi, “wanajua?”

Mama alifunika uso kwa viganja. Watu huweza kumvumilia fundi anayechelewesha nguo. Fundi ambaye nyumbani kwake maneno ya wateja yanavuja, nani atamvulia gauni?

Kaka alikimbilia kompyuta, wote wakamfuata. Aliandika kwa wenye jukwaa akiomba msaada wa haraka. Jibu lilirudi papo hapo: ombi limepokelewa, litashughulikiwa kwa zamu. Lilikuwa limeandikwa na mashine. Kaka alijipiga paji la uso.

“Siku zile nilikuwa na wachezaji wachache, ningemwandikia kila mmoja kwa jina. Hawa siwajui hata mmoja.”

Alizunguka chumba, kisha akasimama ghafla. Jukwaa lilikuwa na desturi moja: mwenye kitu akipakia toleo jipya, lile la zamani hubadilishwa lenyewe kwenye kila kompyuta mtu anapofungua mchezo. Kwenye ukurasa wake mdogo jambo hilo lisingewezekana, faili iliyochukuliwa ilikuwa imekwenda. Alikaa, akafuta sauti zote, akapakia nyongeza tupu. Wateja wakarudia ububu wao, kwa maelfu.

Zikabaki video. Hizo zilikuwa za watu, hakuna toleo jipya la kuzifuta. Kaka alimsogezea Kasuku kiti. “Waandikie wewe.”

Kasuku aliandika: “Sauti hizi nilizirekodi bila ruhusa, nikadanganya kuwa ni zangu. Mwenyewe ameumia. Nakuomba uondoe video yako.” Alituma ujumbe huo kwa kila mmoja, machozi yakidondokea vidole. Wengine waliondoa na kumjibu kwa upole. Wengine waliondoa wakamtukana. Mmoja hajajibu hadi leo, na video yake bado ipo.

Kisha mama alimshika mkono wakaenda mlango kwa mlango kwa wanawake wote waliorekodiwa. Mwenye mume anayekoroma alicheka mpaka akajishika mbavu. Mwenye viatu vya kubana alifunga mlango, na vitambaa vyake alivifuata kesho yake akavipeleka kwa fundi mwingine.

Kwa muuguzi walikwenda alipotoka hospitali baada ya kupasuliwa. Walimkuta amelala upande mmoja, na mama yake mzazi ameketi pembeni akikunja nguo. Bibi yule alikuwa amehamia pale na mkoba wake tangu siku aliyosikia. Kasuku aliwaamkia, akaomba msamaha huku macho yakiwa chini. Kisha, kwa kutafuta neno jema, akaongeza, “Lakini nimefurahi bibi yuko hapa kukuuguza.”

“Usidhani umenisaidia, mwanangu,” alisema muuguzi. “Mama angekuja hata kama ningemwambia mimi. Nilikuwa nimepanga nikae naye, nimshike mkono, nimweleze taratibu asishtuke. Sasa alisikia kutoka kwenye mashine, amesimama mlangoni, peke yake.”

Bibi aliendelea kukunja nguo bila kuinua kichwa. Kasuku aliangua kilio.

“Nimekusamehe,” muuguzi alisema baadaye. “Ila hilo ulijue.”

Zilipita wiki kadhaa kabla Kasuku hajathubutu kutaja nyongeza tena. Kaka alimruhusu kwa sharti moja: kila sauti iwe na mwenyewe, na mwenyewe awe amekubali. Siku moja mwanamke anayeuza vyombo alikuja kupimwa sketi. Alikuwa na sauti nzito nzuri, ya kuamrisha. Kasuku alisubiri nje ya pazia mpaka alipomaliza, ndipo akamsogelea simu ikiwa mkononi, waziwazi.

“Shikamoo, shangazi. Naomba kurekodi sauti yako useme maneno mawili ya mteja, niyatie kwenye mchezo wa kaka.”

“Marahaba. Na huo mchezo utasikika wapi?”

“Kila mahali, shangazi. Hata mimi sijui mwisho wake.”

Mwanamke alifikiri kidogo, akafunga kilemba chake vizuri. “Basi hapana, mwanangu.”

“Asante, shangazi,” alisema Kasuku, akaizima simu.

Mteja alipoondoka, Kasuku alirudia pini zake akiwa mnyonge. Mama alikuwa amesimamisha cherehani, anamtazama.

“Imekuuma?”

“Kidogo. Sauti yake ingefaa sana.”

“Kaka yako anasema jukwaa lile ni baraka, na siku ile alilia kwamba ni balaa. Mimi naona lenyewe halijali. Ukilikabidhi kazi yako ya haki litaifikisha mbali, na ukilikabidhi ulichoiba litakifikisha mbali vilevile. Kwa hiyo maswali yote yaulizwe hapa, kabla hujabonyeza.” Mama alivuta kitambaa chini ya sindano. “Na hiyo ‘hapana’ aliyokupa sasa hivi, uikumbuke. Hiyo ndiyo nafasi uliyomnyima yule muuguzi.”