Dawa ya Siku ya Bunduki

Kila asubuhi Adija alimwekea mume wake Hamimu kidonge cha tansio, yaani shinikizo la damu, kando ya kikombe cha chai. Karibu kila asubuhi kidonge kilirudi kwenye kopo.

"Baba Sumaya, kunywa dawa."

"Umesikia bunduki usiku?"

"Apana."

"Basi. Tansio inaletwa na bunduki. Leo kimya, mi ni muzima."

Hamimu alikuwa fundi wa magari katika mtaa wa Buyenzi. Ilikuwa mwaka 1997, vita vinaendelea, dawa ni za kutafuta kwa tochi. Akajitungia udaktari wake: mabomu yakilia upande wa mtaa wa Kinama, anameza viwili; kukiwa kimya, hamezi kitu.

"Na miguu imevimba kwa nini?" Adija alifoka. "Mkojo una povu kama sabuni! Hiyo nayo ni bunduki?"

"Ni joto."

Adija akachoka. Akamkokota mpaka dispanseri, kwa jirani yao Pascaline, muuguzi. Pascaline akampima, akasonya.

"Kumi na tisa kwa kumi na moja, yaani 190 kwa 110! Inatakiwa chini ya kumi na nne kwa tisa. Muzee Hamimu, tansio haingoji bunduki. Iko kila siku, hata usiposikia maumivu. Inaharibu mishipa midogo ya figo, ile inayochuja damu. Povu ni dalili kwamba chujio limeanza kutoboka."

"Mi nasikia vizuri tu!"

"Ngoja. Figo ikikosa damu ya kutosha, inadhani mwili umepungukiwa. Inaamsha homoni. Homoni zinabana mishipa, zinazuia chumvi na maji yasitoke mwilini. Tansio inapanda, figo inaumia zaidi, inaamsha homoni tena."

"Inajiumiza yenyewe?" Hamimu alishangaa. "Kichwa ngumu gani hiyo!"

"Imefanana na mwenyewe," alisema Adija.

"Meza dawa kila siku, kama ulivyoandikiwa," Pascaline aliendelea. "Usiruke, usiongeze. Chumvi punguza. Sehemu ya figo iliyokufa hairudi, tunalinda iliyobaki. Figo zikifa zote mbili, damu inachujwa kwa mashine. Wakati huu wa vita, utaipata wapi?"

Kesho yake Hamimu alimeza kidonge kabla ya chai, na hakuna bunduki iliyolia.

Baada ya miezi mitatu, tansio ilishuka hadi kumi na tatu kwa nane. Uvimbe uliisha, povu likapungua. Ikaja shida nyingine.

"We umeleta breki?" Hamimu aliwauliza wateja. "Kwanza niambie, mkojo wako una povu?"

Adija aliona haya mpaka akajifungia ndani. Wateja wawili wakahamia kwa fundi mwingine. Wa tatu, dereva wa lori la bandarini, alikwenda kupimwa kwa hasira tu, apate kurudi kumtukana Hamimu vizuri.

Alirudi kweli. Matusi hakuleta. Alileta kopo la vidonge, akauliza vinamezwa saa ngapi.